Sura ya Saba: Bwawa la Mama Mkwe

Bi Evelina hakuketi. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya Inspekta Prudencia Kashaija, akavuta karibu mabakuli mawili ya plastiki yaliyojaa maji, akayainamia kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Alikaa hivyo kitambo. Prudencia alianza kuingiwa na wasiwasi.

Prudencia ndiye aliyemwita. Evelina alikuwa mtaalamu wa samaki na mimea ya majini, mwanamke aliyezeekea kwenye boti za utafiti akipambana na magugumaji ya ziwa, na kazi aliyoombwa asubuhi hiyo ilikuwa ndogo. Atazame majani yaliyotoka kwenye suruali ya mtuhumiwa, fundi Mashimba, atazame na yale yaliyochotwa kwenye bwawa la bustani ya Mzee Rwegasira, kisha atie saini kwamba ni mamoja. Mchana wa siku hiyohiyo Mashimba angepandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kuua, na kutoka hapo moja kwa moja rumande.

"Nani alikuambia haya ni mamoja?" Evelina aliuliza.

"Si yote ni ya kijani, na yote yanaelea?"

Prudencia aliyasikia maneno yake yakitoka, na hakuyapenda. Evelina naye hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alichukua njiti ya kiberiti, akanyanyua kipande kutoka bakuli la kwanza, lile la bwawa la Mzee Rwegasira. Hii ni azola, alisema, wafugaji wa kuku wanaijua. Imejipanga magamba madogomadogo juu ya kitawi, na mizizi yake ni mingi. Ukiimwagia maji hailowi. Ikikaa kwenye jua kali huwa nyekundu pembeni, nayo hii ilikuwa imeshaanza.

Kisha akanyanyua jani la bakuli la pili, lililotoka kwenye suruali. Lilikuwa laini na bapa, dogo kuliko punje ya dengu, limeshikana na wenzake wawili. Chini ya kila moja ulining'inia uzi mmoja wa mzizi, mweupe, mfupi. Hilo wafugaji huliita jani la bata, kwa kuwa bata hulila na halimkinaishi. Evelina aliongeza kwamba yangekosa mzizi kabisa, yakawa mfano wa chembe za unga, basi ungekuwa mmea wa tatu, na watu huchanganya hiyo mitatu kila siku kwa sababu hakuna anayejisumbua kuligeuza jani akaona chini yake.

"Kwenye suruali kuna azola?"

"Hata gamba moja."

"Na kwa Mzee Rwegasira, majani ya bata?"

"Nimechuja bwawa lile mara mbili kwa chandarua. Hamna. Aliyeingia mle, Inspekta, alitoka na azola. Ile inang'ang'ania nguo kuliko kishona nguo."

Prudencia aliomba suruali yenyewe itolewe kwenye mfuko wa vielelezo, akavaa glavu, akaigeuza ndani nje. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo angepaswa kuliona tangu Jumamosi. Majani yote yalikuwa upande wa ndani. Yalikuwa yameganda kwenye mshono wa paja na kwenye pindo, na nje ya suruali hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi. Mtu huyu aliingia majini bila suruali, akatoka mbio, akaivaa juu ya miguu iliyolowa. Nani anayekwenda kumpasua mzee kichwa akaanza kwa kuvua nguo?

Evelina alichukua mkoba wake, akasema ataandika alichokiona na si zaidi, akaaga. Prudencia alibaki na mabakuli mawili na uso uliomwaka moto.

Hebu tuseme ukweli jinsi mambo yalivyokwenda, maana Prudencia mwenyewe alikuwa akiyapitia moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Jumamosi asubuhi Mzee Rwegasira, daktari mstaafu, alikutwa na mpishi wake kando ya bwawa la bustani yake huko Isamilo, jijini Mwanza, kichwa kimepasuka, shati limejaa azola. Mpishi alikuwa amempelekea chai muda mfupi tu kabla, naye mzee alikuwa mzima, akiwatupia kuku majani. Mpaka leo alikuwa amelala hospitali bila kujitambua. Mpwa wake, Venant, ndiye aliyetoa maelezo kwamba alimwona Mashimba, fundi anayekuja kupunguza azola, akigombana na mzee palepale bwawani. Venant alimwamkia Prudencia kwa Kihaya. Alimwita dada, akamwuliza ukoo wake, akamsikitikia mzee wao kwa lugha ya nyumbani. Basi. Prudencia hakumwuliza Venant yeye alikuwa amesimama wapi.

Jioni ileile alimfuata Mashimba kibandani kwake Mabatini, anakouza nyavu na mipira ya maji, akamfunga pingu mbele ya wateja wake. Simu zilinyanyuliwa juu kama mishumaa. Suruali ilikutwa nyuma ya kibanda, anakoishi, kwenye beseni la nguo chafu, ingali na unyevu, na Prudencia aliyaona majani akasema kwa sauti ambayo umati wote uliisikia: "Bwawa limekufuata mpaka nyumbani." Alijiona hodari siku hiyo. Sasa alikumbuka namna alivyotamka na akatamani sakafu impishe.

Alimwita Mashimba chumba cha mahojiano.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mikono imechubuliwa na kazi ya maji. Tangu alipokamatwa alikuwa ametoa jibu moja tu: hakuwa Isamilo. Alikuwa wapi, hasemi. Siku ya kwanza Prudencia alimwambia, kama wapelelezi wote wanavyowaambia wabishi, kwamba mficha uchi hazai. Mashimba alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akainamisha kichwa, na tangu hapo akawa bubu. Prudencia aliandika kwenye maelezo kwamba mtuhumiwa alionyesha dalili za hatia.

Leo alianza kwa upole. Alimwambia kuwa majani ya kwenye suruali si ya bwawa la Mzee Rwegasira. Alitegemea kuona mtu anashusha pumzi. Badala yake aliona hofu ambayo hakuwa ameiona hata siku ya pingu.

"Ni bwawa la nani?" aliuliza.

"Mabwawa ni mengi, afande."

"Uliingia ukiwa umevua nguo."

Mashimba aligeuza uso ukutani. "Naomba unipeleke mahakamani."

"Unakijua kifungo cha kosa hili?"

"Nakijua."

"Na unaona heri hicho?"

"Naona heri."

Prudencia alikaa akitazama kisogo chake, akajua kwamba mbele yake hapakuwa na mtu anayeficha kosa. Mwenye kosa hujitetea, hudanganya, humtaja jirani. Huyu alikuwa akilinda kitu kwa mgongo wake, na alikuwa tayari uvunjike.

Nje, kwenye benchi la wanaongoja mahabusu, alikuwapo Sabina, mke wa Mashimba, na hotipoti la chakula miguuni. Alikuwa akija kila siku na kila siku Prudencia alikuwa akimpita kama nguzo. Leo aliketi kando yake. Aliuliza kama kuna mtu wanayemjua mwenye bwawa na bata. Sabina alijibu bila kufikiri kwamba bata wako kwa mama yake, Bi Dorotea, ng'ambo ya ghuba, upande wa Kamanga, njia ya kwenda Sengerema. Bwawa alilichimba marehemu baba kwa ajili ya sato, na siku hizi limefunikwa lote, samaki wanakuja juu kuhema. Mama alilalamika kwenye simu mwezi uliopita.

"Mumeo hakwenda kulisafisha?"

Sabina alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mumewe hulala kanisani. "Hawezi kwenda kwa mama bila mimi, afande. Yule ni mkwewe. Wakikutana njiani, mume wangu huingia porini mpaka mama apite. Kwao na kwetu ndivyo tulivyo."

"Na mama ameambiwa kwamba mumeo yuko ndani?"

"Nitamwambiaje?"

Prudencia alikwenda kwa Mkuu wa Upelelezi, Afande Luhende, akaomba faili lisubiri. Luhende alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alisikiliza habari ya mizizi mpaka mwisho, akauliza kama hakimu ataelezwa habari za dengu. Kisha akasema atalizuia faili hadi jioni, na kama Prudencia atarudi mikono mitupu, gari la mahabusu litaondoka kesho alfajiri naye Inspekta ataandika barua ya kujieleza. Hakupaza sauti. Prudencia alipiga saluti akiwa anaangalia vifungo vya shati la mkubwa wake, maana macho hakuweza kuyaangalia.

Kivuko cha Kamanga kilikuwa kimejaa malori ya mchele na akina mama wenye matenga ya nyanya. Prudencia alivaa kiraia na hakuna aliyemjali, akashukuru kwa hilo. Ghuba ilikuwa tulivu. Alijaribu kupanga maswali kichwani lakini kila swali lilianguka penye jambo moja: amwulizeje mama mtu mzima kama alimwona mkwewe hana nguo? Hata kwao Muleba jambo hilo halitamkwi. Alikuwa na nyota begani, na bado hakuwa na maneno.

Bodaboda ilimshusha kwenye boma lililofagiliwa mpaka ardhi ikang'aa. Nyumba ya bati, jiko la udongo, masufuria yamepangwa juu ya kichanja kwa ukubwa wake. Bi Dorotea alikuwa amekaa juu ya kigoda anapepeta mtama. Prudencia alitoa shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, akapokea marahaba, akajitambulisha kwamba ni Prudencia wa Mwanza, anatafuta kujifunza habari za mabwawa. Neno polisi hakulitaja. Mama alimwelekeza nyuma ya nyumba bila kuinuka. Alisema nenda ukaone, mimi huko siendi.

Bwawa lilimweleza mengi kuliko mashahidi wengi aliowahi kuwahoji. Upande wa kusini lilikuwa limefunikwa kijani kitupu, majani ya bata yamebanana mpaka bata wenyewe walionekana wanatembea juu ya zulia. Upande wa kaskazini maji yalikuwa wazi. Katikati ulielea mgomba mzima uliokatwa, umefungwa kamba ncha zote mbili: fundi alikuwa ameuvuta juu ya maji kufuata upepo, kuyasukuma majani yote pembe moja ili ayazoe kwa pamoja. Ukiyazoa hapa na pale yatajaa tena kabla ya wiki kuisha. Ukingoni palikuwa na lundo la majani yaliyokwisha kuzolewa. Juu lilikuwa limekauka, lakini Prudencia alipochimbua kwa kijiti alikuta ndani bado yana ubichi. Si kazi ya mwezi uliopita, ni ya siku chache tu.

Alizunguka juu kidogo. Banda la bata lilikuwa juu zaidi kuliko bwawa, na kila mvua iliosha kinyesi kikaingia majini, hicho ndicho kilichoyanenepesha majani. Fundi alikuwa ameliona hilo. Mfereji mpya ulikuwa umeanza kuchimbwa kukinga yale maji machafu, ukafika nusu, na jembe lilikuwa bado limesimama ndani ya udongo. Hii ilikuwa kazi ya mtu anayependa kitu anachokifanya na watu anaowafanyia, tena kazi iliyokatizwa ghafla.

Kwenye mpera, hatua chache kutoka majini, lilining'inia shati la kiume. Lilikuwa limenyeshewa, likakauka, likanyeshewa tena. Kinyesi cha ndege kilikuwa begani.

Prudencia alirudi uani, akakaa chini kwenye mkeka, chini kuliko kigoda cha mama.

"Lile shati ni la nani, mama?"

"La mtu."

"Mbona limelowa?"

"Mvua ilinyesha."

"Mama unayefagia namna hii, hukulianua?"

Ungo ulisimama. Bi Dorotea aliuweka chini, akajifunga upya kitenge chake ingawa hakikuwa kimelegea. Naye Prudencia akaelewa, akiwa amekaa pale kwenye mkeka, kwamba mama yule hakuwa amelisahau shati hata saa moja. Alikuwa hawezi kuligusa. Kuligusa ni kukiri kwamba kulikuwa na mtu aliyelivua.

Angeweza kuendelea na ujanja. Kazi yake ilimfundisha njia nyingi za kumzungusha mtu mpaka ajitaje. Lakini soni ilimzuia, akaona heri aseme. Alimwambia kuwa yeye ni polisi. Alimwambia kwamba Mashimba yuko mahabusu, kwamba anasingiziwa kumpasua mzee wa watu kichwa Jumamosi asubuhi, kwamba aliyemfunga pingu mbele ya soko zima ni yeye huyu aliyekaa hapa. Akamweleza kwamba Mashimba ameulizwa alikuwa wapi na amekataa kusema, na kwamba jioni ikipita hivi atakwenda rumande akiwa bado amenyamaza.

Bi Dorotea alisikiliza akitazama mtama. Machozi yalimshuka bila uso wake kubadilika.

"Mtoto mjinga," alisema mwishowe. "Anafungwa kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya heshima yako, mama."

"Jumamosi ni siku yangu ya kliniki ya presha. Analijua hilo, Sabina humwambia. Alikuja nikiwa sipo, kama malaika, afanye kazi aondoke, mimi nikute bwawa safi nisijue nimshukuru nani. Ndivyo mkwe mwema anavyofanya." Aliusogeza ungo kando. "Kliniki daktari hakuja. Nikarudishwa. Nikapita nyuma kwa sababu ya kuni."

Prudencia aliinamisha macho mkekani.

"Nilimwona kama alivyozaliwa. Naye aliniona namwona. Mimi nikageuka nikaufuata ukuta, yeye nikasikia maji yanaruka. Hakuna aliyesema neno, na mpaka leo hakuna aliyesema. Tulikuwa tumeshalimaliza, mwanangu. Jambo kama lile watu wawili wakinyamaza, linakufa lenyewe."

"Jua lilikuwa wapi?"

Mama alinyoosha mkono bila kuinua macho. Ilikuwa ni saa ileile ambayo mpishi wa Isamilo alikuwa akipiga kelele bustanini, na kati ya mabwawa hayo mawili lilikuwamo ziwa. Prudencia alipiga simu kliniki. Muuguzi alikumbuka vizuri, wagonjwa walirudishwa asubuhi na mapema na walilalamika. Kijana wa bodaboda aliyemrudisha Bi Dorotea alipatikana kijiweni na akataja siku na njia. Ilitosha. Kilichobaki kilikuwa ni maelezo ya mama mwenyewe, na Prudencia alitoa karatasi akamwahidi kwamba ataandika kwa lugha ya heshima, na hahitaji kwenda popote.

"Yatasomwa na nani?"

"Na mkubwa wangu. Labda na wakili wa serikali."

"Wanaume?"

"Wanaume, mama."

Bi Dorotea aliinuka, akaufunika mtama, akaingia ndani na kutoka na kitenge cha kanisani. Alisema kwamba maneno kama yale yakipita kwenye mikono ya watu yataongezewa miguu, ni afadhali ayaseme mwenyewe, mara moja, kwa kinywa chake, na yasirudiwe. Kwenye kivuko alikaa mbele, mgongo umenyooka. Kila mara Prudencia alipomtazama, alimwona anasogeza midomo kama anayekariri.

Afande Luhende alimpokea kwa kusimama, akamvutia kiti. Kwa sauti ndogo isiyotetemeka mama yule aliyasema yote: kliniki, kuni, bwawa, alichokiona. Hakuruka kitu. Luhende, aliyewahi kusikiliza mauaji bila kupepesa, alilitazama pangaboi tangu mwanzo hadi mwisho. Mama alipomaliza, mkubwa yule alishukuru kwa heshima zote, akasaini amri ya kumwachia Mashimba, kisha akamgeukia Prudencia.

"Kama huyu alikuwa ng'ambo," alisema, "Venant alimwona nani?"

Hilo Prudencia alikuwa ameshalijibu kivukoni. Askari wawili walikuwa tayari njiani kumchukua Venant, na aliwaagiza walete viatu vyake vyote pamoja na zulia la gari lake, waangalie magamba mekundumekundu yaliyonasa kwenye nyuzi, wasiseme tu kijani. Jumamosi alikuwa ameyaona magamba hayo kwenye zulia lile kwa macho yake, alipopewa lifti na Venant kwenda hospitali. Aliyaona akadhani ni vumbi la kutu. Lifti yenyewe hakuitaja mbele ya Luhende, na alijua kwamba itabidi aitaje kabla ya siku kuisha.

Alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu. Aliufungua mlango, akamwita Mashimba kwa jina, akamwambia yuko huru. Mashimba hakuinuka.

"Nani yuko pale mbele?" aliuliza.

"Mama Dorotea."

Alivuta magoti kifuani. "Amesema?"

"Amesema."

"Yote?"

"Yote."

Mashimba alifunika uso kwa mikono yake iliyochubuka. Mlango ulikuwa wazi, mahabusu wenzake wakamshangaa, mmoja akamsukuma kidogo, lakini alikaa palepale. Kutoka lockup kulikuwa na njia moja tu ya kupitia kaunta, na kwenye kaunta alikaa mkwewe. Prudencia alisimama na funguo mkononi, akaona jinsi alivyomfungua mtu na bado amemfungia.

Alirudi mbele, akapiga goti kando ya kiti cha Bi Dorotea. Alimweleza. Mama hakushangaa. Alisema kwamba kwao mkwe akionwa hali ile, upande wenye kosa huleta mbuzi, anachinjwa, watu wanakula pamoja na jambo linazikwa. Basi. Tangu hapo watu wanaweza kusalimiana kwa mbali tena.

"Atampata wapi mbuzi," Prudencia alisema, "mtu aliyeshinda ndani siku zote hizi?"

"Kwani nimesema mbuzi ni wake?"

Bi Dorotea alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu watoke kijijini. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Alisema kwamba Mashimba hakujionyesha, alikutwa tu, na wao wawili walikuwa wameshanyamaza. Aliyelitoa jambo nje, likasemwa mbele ya wanaume wasio wa ukoo, ndiye mwenye kosa. Kisha akainuka, akajifunga kitenge, na Sabina akamshika mkono kumsindikiza kivukoni.

Prudencia alirudi lockup. Mashimba alikuwa bado amekaa sakafuni.

"Mama amekwisha kuondoka," alimwambia. "Amesema mbuzi ni wangu."

Mashimba aliteremsha mikono taratibu. Alimkagua Inspekta kutoka kichwani hadi viatuni, kwa muda mrefu, kama fundi anayepima kina cha maji kabla hajaingia.

"Mbuzi hapelekwi na mtu mmoja," alisema. "Anapelekwa na wazee. Mzee wako atasimama uani, aseme mtoto wangu amekosa hivi na hivi. Halafu ndio anachinjwa."

Prudencia alimfikiria baba yake, Mzee Kashaija, katekista wa kigango huko Muleba, ambaye kila Jumapili baada ya ibada huwashika watu mikono akiwasimulia habari za binti yake afisa, mtoto asiyeonea mtu. Alimwona akivuka ghuba katika koti lake jeusi, akisimama mbele ya boma lile lililofagiliwa, akitafuta maneno.

"Lazima awe baba?"

"Lazima awe baba." Mashimba aliinuka, akajishika ukuta kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. "Mimi nimeonwa na mkwe wangu, afande. Wewe acha uonwe na baba yako."

Alivaa kandambili zake, akampita pale mlangoni bila kumgusa, akatoka. Prudencia alikaa kwenye benchi la mahabusu, akatoa simu, akalitafuta jina la baba yake. Alipolipata alibonyeza, akaiweka simu sikioni na kungoja ipokelewe.